Ng'ombe wa Mahari Hachechemei

Nashipae alivua malapa, akapanda kwenye bodi mpya ya pikapu na kumwaga ndoo nzima ya maji sakafuni. Kisha akaanza kurukaruka papo hapo, mama mzima wa kanisa, mafundi wote wakimkodolea macho.

"Linateleza," alisema akishuka. "Bati silitaki."

Fundi Meshack alicheka. "Mama, bati hili linang'aa. Wateja wote wanalipenda."

"Wateja wako wanabeba pikipiki. Pikipiki haina kwato."

Saruni, mumewe na mwenye pikapu, alikuwa kando akijifanya anaongea na simu. Yeye angechukua bati, yakaisha. Lakini Nashipae alikulia zizini Kisongo, na mambo ya ng'ombe hafundishwi. Ng'ombe akiteleza njiani huumia, na ng'ombe wa mahari akishuka anachechemea, wazee wa upande wa binti humrudisha alikotoka, na posa nzima hurudi naye. Hapo hapana utani.

Akachagua mbao nene, zipigiliwe vipande vya kukingama ili kwato zipate pa kukanyaga. Akataka kingo za bomba zinazofika kifuani mwa ng'ombe, chuma cha kuwatenganisha wasilaliane kwenye kona, na mlango wa nyuma unaolala hadi chini, mrefu, usio na mteremko mkali. Meshack aliposema kazi hiyo itachelewa, akamjibu ichelewe tu.

"Unajisumbua mno, Mama Lesian," alisema Saruni.

"Nisijisumbue kwa hili, nijisumbue kwa lipi?"

Lesian alikuwa mwanawe wa pekee, mwalimu huko Babati. Wenzake wote walikuwa wameshaoa, na akina mama wa kwaya walikuwa wameanza kumuuliza Nashipae maswali yenye miiba. Ndiyo maana Saruni aliposema amepata binti Terrat, na kwamba wazee wa huko wamekubali, Nashipae alipiga vigelegele jikoni peke yake.

Kilichomchoma ni Nanyokie. Ng'ombe huyo mwekundu alikuwa wa uzao wa yule ambaye Nashipae alipewa na marehemu baba yake siku ya harusi, na alikuwa wake, si wa Saruni. Lakini Saruni alimtaja katika ng'ombe wa mahari, mbele ya wageni, bila hata kumnong'oneza. Siku hiyo Nashipae alijiona amesalitiwa ndani ya boma lake mwenyewe. Alilia mpaka macho yakavimba. Baadaye akajiambia, kama ni kwa ajili ya Lesian, basi, na aende.

Saruni naye siku hizo alikuwa na vituko vyake. Alinunua koti na kofia mpya. Jumapili, wenzake walipokwenda kwenye Meza ya Bwana, yeye alibaki kwenye benchi akisingizia goti. Nashipae alilikanda goti hilo kwa maji ya moto kila jioni, nalo likakataa kupona.

Lesian alipofika kutoka Babati, mama yake alimketisha jikoni kumfunda.

"Ukimwona mama wa binti, usimtazame usoni wala usimpe mkono. Mpishe njia. Na yeye atajifunika uso akupishe. Hivyo ndivyo mama mkwe na mkwewe wanavyoheshimiana kwetu. Umenisikia?"

"Nimesikia, yeyo," Lesian alijibu akiangalia viatu vyake.

"Binti mwenyewe umemwona?"

"Mambo yote anayajua baba."

Nashipae alicheka. Vijana wa leo, alifikiri, wana aibu mahali pasipo na aibu.

Asubuhi ya safari Saruni alimzuia mlangoni. "Wanawake hawasindikizi ng'ombe wa mahari."

"Nanyokie hatulii bila mimi. Akijigonga akavunja pembe, utawaambia nini?"

Saruni aliikaza kofia yake, akaingia kiti cha mbele. Basi Nashipae akapanda nyuma, akasimama kwenye bodi aliyoichagua mwenyewe, mkono shingoni mwa Nanyokie. Lesian alishika usukani na kuendesha taratibu. Mwenda pole hajikwai. Kila penye shimo Nashipae aliomba Mungu, na kila mara kwato zilishika mbao, hakuna aliyeyumba. Akamsamehe hata Meshack na bati lake.

Walipofika Terrat, Lesian alishuka akaulaza mlango wa nyuma, na ng'ombe wakateremka mmoja mmoja kama wanatoka zizini kwao. Wazee wakawapapasa miguu, wakainua kwato, wakatazama mbavu.

"Mmewaleta vizuri," alisema mmoja wao. "Hata mkwaruzo hakuna. Tumewapokea."

Nashipae, bado juu ya bodi, alisikia raha. Kazi imekwisha. Mwanawe ameoa.

Ndipo mama mwenye nyumba, mama wa binti, akatoka. Alikuwa akija moja kwa moja aliposimama Lesian. Nashipae akamkonyeza mwanawe ampishe, lakini Lesian hakusogea. Alitoa mkono. "Shikamoo, mama." Yule mama akaushika, akamtazama usoni, akamuuliza habari za Babati kama anayeongea na mtoto wa jirani. Nashipae alitamani ardhi ipasuke. Taabu yote hii, na mtoto anaiharibu kwa salamu moja!

Mlango wa mbele wa pikapu ukafunguka, na Saruni akashuka akiliweka sawa koti lake jipya. Mara yule mama akauachia mkono wa Lesian, akavuta khanga akajifunika uso wote, akarudi nyuma kumpisha.