Nyayo za Makaburini

Kila alfajiri kuna mtu alikuwa akitembea makaburini, na Benedikto aliapa kwamba hajamwona.

Jesca aliziona hatua hizo kwenye kompyuta kila aliporudi kutoka bafu la uani, taulo likiwa bado begani. Zilikuwa hatua za mtu mmoja tu, tena zisizo na haraka. Zilimsisimua mwili, ingawa asingekubali kumwambia mtu.

Alikuwa amefukia viboksi vitatu kwenye mteremko ule wa juu ya Mlali na kuvipa majina ya mahali: Shuleni, Mtoni, Makaburini. Kila kimoja kilihisi ardhi ikitikisika au kuinama, kikatuma habari hadi chumba alichopanga kijiji cha chini. Benedikto, mkulima wa kabichi, aliishi kule juu, na kutoka uani kwake aliona sehemu zote tatu. Kishikwambi alichopewa kikilia, alitakiwa kutazama nje kisha kugusa picha ya alichokiona: mvua, mtu, ng'ombe, au ardhi inayoteleza. Kwa kazi hiyo kompyuta ingejifunza kutofautisha kwato za ng'ombe na mlima unaoshuka, na siku moja ingewaamsha watu mapema.

Picha hizo Jesca alizichora mwenyewe, na alizionea fahari. Chini kabisa aliweka kitufe cha kijivu, "Sijaona kitu", kwa ajili ya uaminifu tu. Sasa tangu Jumatatu, kwa kila mtikisiko wa Makaburini, Benedikto aligusa hicho cha kijivu. Jesca akadhani kosa ni lake. Akamchora mtu upya, akamnenepesha, akamvisha hadi kofia. Benedikto akaendelea na kijivu chake.

"Kaka Benedikto," alimtania siku moja kwenye simu, "marehemu wenu wanafanya mazoezi?"

"Wetu wametulia, dada," alijibu Benedikto, na hakucheka.

Jibu lile lilimkaa vibaya. Alikumbuka siku aliyochimba kule. Wazee walikuja, wakampa pole ya kazi, wakasimama kando wakimtazama mpaka akamaliza kufukia. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alimpa hata ndizi za kula njiani. Basi kwa nini sasa aogope? Chombo chenyewe kilikuwa kizima. Tangu arudi Jumapili usiku kutoka Morogoro Mjini, mawimbi ya Makaburini ndiyo yaliyofika safi kuliko yote.

Alhamisi mvua haikukatika. Ilikuwa masika, na mvua si habari kwa watu wa Uluguru, lakini hii ilinyesha usiku kucha na asubuhi yote. Mlango wa chumba ukawa mgumu. Jesca akausukuma kwa bega, akalaani mbao zinazovimba kwa unyevu, akarudi mezani na chai yake.

Mchana mstari wa Makaburini ulianza kuinama.

Kwanza alifikiri ni macho yake. Akaifuta skrini kwa kiganja. Mstari ukashuka kidogo tena, kimyakimya, bila mtikisiko wa maana, na huo ndio mwenendo aliokuwa akiuogopa tangu aanze kazi hii. Ng'ombe hainamishi ardhi. Mvua pekee haiinamishi ardhi. Mstari wa Shuleni ulikuwa umenyooka, wa Mtoni pia. Ni makaburi tu yaliyokuwa yakishuka, na chini ya makaburi kulikuwa na nyumba ya Benedikto, yenye mke, watoto wanne na mama mzee asiyeweza kukimbia.

Alitazama jibu la kishikwambi. Kijivu. Sijaona kitu.

"Mungu wangu, haoni," alisema kwa sauti. Akakosea namba mara mbili.

"Kaka, toka hapo! Toeni watoto, mbebeni mama, mlima unashuka!"

"Mlima upi, dada?"

"Huo hapo juu yenu! Tazama!"

Alimsikia akitoka uani, matone yakigonga bati. "Natazama, dada. Shuleni kuzuri. Mtoni maji ni yaleyale. Huku juu hata jiwe halijaanguka."

"Unaanza taratibu, huwezi kuuona kwa macho! Nakuomba, kaka. Kwa jina la Mungu, nakuomba."

Alikuwa akilia sasa. Alitaka kupanda kule mwenyewe, lakini kwa tope lile asingefika kwa wakati, na akiondoka nani atautazama mstari? Akaamua kutobanduka kwenye kiti. Angalau yeye alikuwa mahali salama, na mtu aliye salama ndiye anayepaswa kuita. Mstari ukashuka tena, safari hii kwa kasi.

"Kaka, bado mpo ndani? Kinaanguka! Kiboksi kinalala kabisa!"

"Kiboksi kipi, dada?"

"Cha Makaburini! Kipi kingine?"

Jesca aliita jina lake, akaita tena.

"Dada," Benedikto akasema. "Wewe uko wapi sasa hivi?"

"Niko chumbani, nawaangalia ninyi! Achana na mimi, beba watoto!"

"Toka humo. Toka sasa hivi, dada!" Alikuwa anapiga kelele. "Wazee hawakutaka makaburi yachimbwe, na wakaona haya kumkatalia mgeni. Jumapili ulipokuwa mjini walinituma nikirudishe kwa mwenyewe. Nimekifukia hapo nyuma ya chumba chako."