Soksi ya Majani ya Mananasi

Jeli ilikuwa imeganda ngumu kuliko alivyotaka Mardhiya, na mguu wa bibi yake umo ndani. Vidole tu ndivyo vilivyochungulia.

Mwaka mzima alikuwa akichemsha majani ya mananasi ya Kiwangwa, atengeneze jeli ya kufunikia vidonda vya kisukari. Ukitia shabu kidogo, inakuwa laini kama nyama ya dafu, ukizidisha, inakaza. Leo, basi, mkono ulimzidi.

"Bibi, nimekubana?"

"Hata! Kama nimevaa soksi. Ila usinitumbulie macho hivyo, mwanangu, utaitia kijicho hina yangu."

Mardhiya aliinama atazame kwenye kucha kama damu inapita. Lakini kucha zote zilikuwa nyekundu za hina, ya harusi ya juzi. Hazikumwambia kitu.

Alishika kisu, akasita. Akiikata, kazi ya mwaka imekwenda.

Akakibana kidole gumba cha mguu ule kwa nguvu zake zote.

"Bibi, fumba macho. Nimeshika kidole gani?"

Bibi akafumba macho, akangoja, akitabasamu.

"Haya, shika basi."