Komeo la Skuta

Machano alisimama juu ya mteremko. Skuta ya kusukuma kwa mguu aliyoiunda mwenyewe iliwahi kujikunja hapahapa ikiwa katika mwendo, ikamvunja mkewe mkono uliochukua miezi kupona. Sasa alikuwa ameibadili. Aliweka komeo la chuma mahali pa pini iliyokuwa ikiufunga usukani, akaongeza breki, na usukani ukawa unakunjwa kwa mkono mmoja.

"Nipe," alisema Riziki, mkewe.

"Ngoja, mke wangu. Sijaijaribu vya kutosha."

"Utaijaribu mpaka lini? Mimi ndiye ninayekwenda nayo kazini."

Akaichukua, akasukuma kwa mguu, akaondoka. Machano alifumba macho. Alisikia magurudumu yakikwaruza kokoto, kisha kimya.

Alipofumbua macho, Riziki alikuwa amesimama chini ya mteremko, mzima. Aliikunja skuta, akapanda mteremko nayo begani, akaikunjua na kuiweka mbele ya mumewe.

"Haya, zamu yako."

"Mimi?"

"Komeo si umelichomelea wewe?"

Machano akaweka mguu mmoja juu ya ubao. Wa pili ulikataa kabisa kutoka ardhini. Riziki akamwekea kiganja mgongoni, lakini hakumsukuma.