Karani Afumba Mdomo

Karani alifumba mdomo.

Mwokaji alisubiri, bomba la dawa mkononi, unga wa mikate ukiwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa amesimama mbele ya tanuri tangu kabla ya jua kuchomoza, na sasa magoti yalimwomba akae. Hakukaa. Alisogea karibu na tawi lililofungwa dirishani.

"Karani, baba, fungua. Tone moja tu."

Kinyonga alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa mlangoni, kama kawaida yake. Ndiyo maana mama mkwe wa mwokaji alimpa jina hilo, akisema hajawahi kuona karani wa ofisi anayemtazama mteja kwa macho yote mawili.

Ubavuni, pale alipotolewa uvimbe, nyuzi zilikuwa zimezungukwa na wekundu. Mama mkwe ndiye aliyempeleka kupasuliwa, na ndiye aliyerudi na maagizo ya daktari wa mifugo: akikosa dawa, kidonda kitaoza na atakufa. Tena asifunguliwe mdomo kwa nguvu, maana taya lake huvunjika kama njiti.

Hadi jana hilo halikuwa tatizo. Mwokaji akitokea tu mlangoni, Karani alituna, rangi ikakolea mpaka akakaribia weusi, akayumba huku na huku kama anayesikia ngoma, kisha akaachama, mdomo wazi. Tone likaingia, kazi ikaisha. Kwa mama mkwe, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama kidole, hakuachama hata mara moja. Alimpandia begani tu na kusinzia.

"Mama, ananifurahia," mwokaji alisema ile siku ya kwanza, akishangaa mwenyewe.

Mama mkwe alikohoa. "Ndiyo, mgeni. Anakufurahia."

Mgeni. Ndivyo alivyoitwa tangu aolewe. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa barabarani zaidi kuliko nyumbani. Hata leo alikuwa njiani. Nyumba ilibaki ya wanawake wawili wanaopishana sebuleni. "Mgeni, chumvi umeiweka wapi?" "Mgeni, mlango huo haufungwi hivyo." Haikusemwa kwa ubaya, wala haikusemwa kwa wema. Basi siku hizi alijikuta akiharakisha kutoka kazini kwa sababu moja tu: katika nyumba ile kulikuwa na kiumbe mmoja aliyefurahi kumwona.

Sasa hata huyo amebadilika.

Alinyoosha kidole kumgusa kidevu. Karani aliinua mguu, akaupeleka mbele, akaurudisha, akaupeleka tena, kama anayefikiria upya kila hatua. Akashika kidole. Akapanda mpaka kwenye kiganja, akajikunja hapo, akageuka kijani cha jani changa. Mdomo, bado umefumbwa.

"Mama!" aliita. "Njoo umwone. Hanitaki tena."

Mama mkwe alikuja mpaka mlangoni na kuishia hapo. Wakati wa dawa hakuwahi kuingia. Alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu.

"Vaa viatu," alisema. "Twende kwa daktari."

"Nimechoka, mama. Si umpeleke tu wewe? Labda ni mimi na harufu yangu ya hamira."

"Hamira haijawahi kumuua mtu. Vaa viatu."

Walitembea, mwokaji akimkinga Karani na upepo kwa mkono wa pili, mama mkwe akibeba boksi tupu. Kwenye chumba cha kusubiri kulikuwa na mbwa wawili, paka mmoja na kiti kimoja.

"Kaa," mama mkwe alisema.

"Hapana, mama, kaa wewe."

"Nimekwambia kaa. Miguu imekuvimba, unadhani sioni?"

Walipoitwa, daktari alipitisha kidole kando ya nyuzi, akainama, akanusa.

"Si pabaya. Dawa inafanya kazi, ila lazima aimalize. Akiacha hapa, wekundu huu utarudi ndani na tutampoteza. Leo amekunywa?"

"Hafungui mdomo," mwokaji alisema, macho chini. "Hadi jana alikuwa akiniona tu anaachama kwa furaha. Sijui nimemkosea nini."

Daktari alimtazama, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Mama, kumbe hukumwambia?"

Mama mkwe alikuwa akisoma tangazo la chanjo ukutani, na miwani yake ilikuwa nyumbani.

"Dada yangu," daktari alisema taratibu, "kinyonga haachami kwa furaha. Huachama kumtisha mtu asiyemtaka karibu naye. Nilimweleza mama siku ile ya upasuaji: mtu aliyemzoea hatafanikiwa. Ampe dawa yule ambaye kwake bado ni mgeni."

Uchovu wote wa siku ile ulimshukia mwokaji mabegani kwa mara moja. Kiganjani mwake, Karani alikuwa ameanza kusinzia.

Daktari alimtazama kinyonga, akatikisa kichwa. "Kwako wewe ndiyo basi tena, umeshakuwa mtu wake. Itabidi mtafute mgeni mwingine pale nyumbani."

Mama mkwe aliliacha tangazo. Alifungua boksi, akaliona halihitajiki, akalifunga.

"Tunaye," alisema. "Mwanangu anarudi na lori leo jioni."