Habari ya Mitungi

"Hii ya hospitali siisomi, Tausi," alisema mzee Kihongole, msomaji habari wa televisheni ambaye mji mzima ulimjua kwa sauti. "Mke wangu alikufa pale akihangaika na pumzi, mtungi wa oksijeni mtupu. Leo nitangaze kwamba haijawahi kukosekana?"

"Pole, mzee wangu," alijibu mhariri wake. "Lakini imetoka kwa wakubwa. Soma tu. Kwani umeshawasomea mangapi?"

Hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Miaka yote wakubwa walipika uongo, yeye akaupakua, na mkewe, sebuleni, akaamini kila neno.

Studioni, taa nyekundu ya kamera ikawaka. Alisoma habari ya barabara, kisha maneno ya hospitali yakapanda kwenye kioo mbele yake.

"Mkuu wa wilaya amesema mitungi ya oksijeni..."

Akanyamaza. Fundi huyatembeza maneno yale kwa kufuata sauti ya msomaji. Sauti ilipokoma, nayo yakasimama.

"Mzee, soma!" Tausi alimnong'oneza kwenye kisikilizio. "Watatufukuza sote!"

Kihongole aliyaacha maneno pale kiooni. Majumbani, watu waliacha kula, wakamwona akivuta pumzi ndefu, midomo wazi, kama mkewe kando ya mtungi ule mtupu.