Shubiri Hanyamazi

Mgawa umeme alikata laini ya sokoni, kisha badala ya kutazama mitambo akatazama simu yake. Haikuchukua muda. Mwenye duka la maziwa alinyamaza katikati ya matusi. Fundi cherehani akanyamaza. Mwalimu mstaafu, yule anayeandika kwa herufi kubwa tupu, naye kimya.

"Hao ni wa sokoni," alijisemea.

Kazi yake ilikuwa kugawa giza, na ilikuwa imemchosha. Tangu kampuni ijenge jumba la kompyuta pale jirani na kituo, umeme haukutosha tena, na kila siku ilibidi mtaa fulani ukatwe ili mashine za kampuni zisizimike. Umeme ukikatika mtaani, mnara wa simu nao hukata roho, na wakazi wake hupotea mtandaoni kwa mkupuo mmoja. Hivyo, bila kumuuliza mtu, alikuwa amekwisha kujua nani anaishi wapi kati ya wote waliokuwa wakigombana kwenye ukurasa wa mji kuhusu jumba lile.

Naye alikuwemo ugomvini. Alijiita Kibatari, na hoja yake ilikuwa moja: kama ni giza, tugawane wote, kampuni nayo iwemo.

Wote aliwajua, isipokuwa Shubiri.

Shubiri alitetea laini nyekundu, ile inayokwenda kwenye jumba la kompyuta, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa bila kibali cha mkurugenzi. Alikuwa na ulimi mkali. Yeye ndiye aliyembandika Kibatari jina la "bwana mkubwa," watu wakacheka, na watu wakishacheka huanza kukubali. Na ikatwe laini ya sokoni, ya shuleni au ya zahanati, Shubiri hanyamazi.

"Bwana mkubwa," aliandika siku ile, "kuna mtu anatoka kazini amechoka hoi. Si haki yake akute walau taa inawaka?"

Mgawa umeme alisonya. Tangu lini kompyuta zikatoka kazini? Maneno matamu kiasi kile hayaandikwi na mkazi wa mji, alifikiri, yanaandikwa na ofisi ya matangazo. Na kesho yake baraza lilikuwa linapiga kura laini nyekundu isikatwe kamwe, iwe sheria. Madiwani wenyewe walikuwa wakimnukuu Shubiri.

Alichoka kutukanwa kwenye simu ya kituo na watu aliokubaliana nao. Akifika nyumbani, nyuma tu ya ukuta wa kituo, hakuwa na neno lililobaki. Huoga maji ya moto, hula, simu ameiweka juu ya kabati kwa sababu mkewe hapendi mtu anayekula ameinamia kioo. Husema, "Nimechoka." Mkewe hujibu, "Najua." Basi, wanalala. Siku nyingine humkuta mkewe naye amekunja uso, kama aliyetoka kugombana na mtu, na hakuwahi kumuuliza ni nani.

Alisimama mbele ya swichi nyekundu.

"Kaka, huo mkono unatafuta nini hapo?" aliuliza mwenzake wa zamu.

"Nataka kumjua mtu."

"Ukiigusa hiyo, leo unalala gizani."

"Najua. Kazi itakwenda, na nyumba ya kazi itakwenda. Lakini mji utajua umekuwa ukibishana na nani."

Akaandika: "Shubiri, sema hapa mbele ya watu. Unaishi wapi?"

Chini ya swali lake pakatokea maneno madogo: Shubiri anaandika. Akayatazama, akaivuta swichi.

Jumba la kompyuta likazimika lote. Maneno madogo yakaganda kidogo, yakapotea. Alisubiri jibu, halikuja. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, Shubiri alikuwa kimya.

"Laini ya kampuni imezimwa," aliandika Kibatari kwa mtandao wa kituo chenyewe, "na Shubiri amenyamaza. Wenye macho wameona."

Ukurasa ukawaka moto. Watu waliokuwa wakimcheka sasa walimwomba radhi. Diwani mmoja akaandika kwamba kura yake imebadilika. Halafu simu ya kituo ikalia, na mkurugenzi hakupiga kelele hata kidogo.

"Acha funguo mezani," alisema. "Nyumba utaihama mwisho wa mwezi."

Aliziacha. Laini kubwa kama ile haiwashwi hivi hivi, mafundi wa kampuni walikuwa bado wanaitwa, naye hakutaka kuwangoja. Alitoka nje jioni inaingia, amepoteza kila kitu, na moyo wake mwepesi ajabu. Leo atazungumza. Leo atamweleza mkewe yote, tangu mwanzo, hata chakula kipoe.

Alipofika mlangoni alijikwaa kwenye ngazi. Kwa miaka yote aliyoishi pale hakuwahi kujikwaa kwenye ngazi ile. Akainua uso kuitafuta taa iliyo juu ya mlango.

Mkewe alikuwa ameketi palepale kizingitini, simu mapajani, uso ameukunja.

"Umeme umekatika," alisema. "Sisi tuko laini moja na kampuni, hatujawahi kukatiwa."

Mgawa umeme aligeuka kutazama upande wa kituo.

"Nilikuwa nimekuwashia maji ya kuoga, hayakuwahi kupata moto. Mtu unatoka kazini umechoka hoi, halafu unakuta giza." Aliigeuza simu, akaitikisa, akaiona bado haina mtandao. "Kaa hapa, upumzike. Na kuna bwana mkubwa mmoja huko mtandaoni aliniuliza naishi wapi. Umeme umekatika kabla sijamjibu."