Perege na Dimbwi Pana

Zamani, samaki walipokuwa bado wanagawiwa maji, mgawaji alikuwa Kaa. Perege alipofika, mkali kupindukia, Kaa alimtia kwenye kidimbwi kidogo alimoishi Kambale mpole.

"Mkorofi akibanwa hutulia," alisema.

Perege hakutulia. Kila Kambale alipojigeuza aliumwa, mpaka sharubu zake zikabaki vipande. Akaenda kumlilia Kaa.

"Mzee, tuhamishie dimbwi pana."

"Nimwongezee uwanja wa fujo? Haya, nendeni. Ila akikumaliza huko, usinililie tena."

Wakahamia. Perege akalizunguka dimbwi lote, akachagua jiwe moja, akajikalia chini yake. Kambale akapita kwa mbali, anangoja kuumwa. Perege akamtazama tu.

Kambale akashindwa kuvumilia. "Leo hunifukuzi, ndugu yangu?"

"Nikufukuze kwa lipi? Si umepita njia yako? Kule kidimbwini, kila ulipojigeuza ulikuwa umenisimamia mlangoni."

Kambale akashusha pumzi ndefu. Akajilaza kwenye tope laini, akazinyoosha sharubu zilizobaki mpaka zilipofikia, na hazikumgusa mtu.